Neno la Bi Zamda

Tangu asubuhi baraza la mji lilivutana kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Nusu walitaka mji ujitoe katika umoja wa miji jirani na daraja lifungwe; nusu walikataa. Kila mjumbe alisimama akasema "tubaki" au "tuondoke", na kila mara kura zililingana.

Bi Zamda, ambaye binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo ya daraja, alisema "tubaki" hadi koo likamkauka. Waheshimiwa wakarudi kwenye matusi.

"Kaa chini, kasuku wewe!"

"Kasuku babako!"

Bi Zamda akainuka, akajifunga kanga kiunoni. "Jamani, njaa inauma. Tuondoke!"

Spika akainua nyundo. "Mheshimiwa amesema tuondoke. Walio upande huo wameshinda."

"Nilisema twende tukale, baba!"

"Neno likishatoka halirudi, mama."

Bi Zamda akaiparamia meza, akakikamata kichwa cha nyundo kabla hakijagonga. Spika akang'ang'ania mpini. Nje ya dirisha, mlinzi wa daraja alishika kamba ya kizuizi, ametega sikio.