Mshono Kando ya Kitanda cha Pruitt

Merle Hutchins alizima mwali wa kukatia chuma, akavua kinyago, akabaki ameukodolea macho mlango wa kabati. Ndani yake ilikuwa imebandikwa picha ya Loretta.

Loretta wake. Gauni lile lile jeupe, baraza ile ile ya kwao Galveston, mkono mmoja umekinga jua. Begani ulipita mstari mweupe wa mkunjo. Merle aliupapasa, kidole kikateleza bila kuhisi kitu.

"Taratibu na huyo, kaka. Mikono yako ina mafuta."

Alikuwa Stanley Pruitt, mpiga mzinga wa Wickersham, manowari walimokuwa, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa bado zinamfikiria. Bomu la Wajapani lilikuwa limeichana Wickersham ubavuni, ikajikokota mpaka bandari ya Ulithi, ikafungwa kando ya Tubal, meli ya ufundi alimofanya kazi Merle.

"Nani huyu?" Merle aliuliza.

"Mchumba. Vita vikiisha tu, kanisani."

"Anaitwaje?"

Pruitt alisita. "Peggy."

"Wa wapi?"

"Wa... kwetu huko." Masikio yalimwiva. "Vipi, unataka kuniibia? Nyie wa Tubal mna aiskrimu, mnalala usiku kucha. Wasichana tuachieni sisi, bwana!"

Wenzake wakacheka. Merle alirudisha kinyago kabla hawajauona uso wake.

Kumbe Loretta alimdanganya kijana huyu hata jina. Na Merle hakuwa amepata barua yake tangu Krismasi, wiki ile ile Elroy Babcock wa chumba cha picha alipomkuzia Merle picha hii hii, iliyokuwa imekunjika pochini, akakataa malipo hata ya sigara moja. Merle alikuwa ameitundika juu ya kitanda chake na kuitazama kila siku kama mjinga. Na msichana angempenda nani? Kijana anayedungua ndege, au fundi wa meli isiyowahi kumfyatulia adui risasi hata moja? Tubal ilikuwa imeziba, imenyoosha na kuunga meli za kila aina tangu ifike Pasifiki. Zilirudi vitani, zikaandikwa magazetini. Tubal ikabaki na moshi wake.

Walikuwa na fahari moja tu: mshono wa Tubal haujawahi kuachia. Kila fundi aligonga muhuri wake mwishoni mwa mshono, ajulikane ni nani. Na kila meli iliyopona, ikifika kwenye pengo la miamba, ilipiga honi ndefu ya kuwashukuru.

Alasiri Merle alichomelea bamba jipya, chini ya usawa wa maji, shubiri moja kutoka kitanda cha Pruitt. Mlango wa kabati ulikuwa wazi. Loretta alikuwa akitabasamu, na hakuwa akimtabasamia yeye.

Alipofika penye kitanda, aliharakisha mkono. Chuma kikatokota, kikaganda na vitundu kama mkate. Alivitazama. Angeweza kukwangua na kuanza upya. Badala yake alipitisha juu yake safu moja nyembamba, laini, ya kupendeza, kisha rangi ya kijivu.

Muhuri ulibaki mfukoni.

"Tayari?" aliuliza Gus Lindqvist, mkuu wake, bila hata kuinama. "Kusanya vifaa, twende. Wewe hukaguliwi, Merle."

Asubuhi Wickersham ilifunguliwa kamba kwenda Okinawa. Pruitt aliegemea reli, akipunga kofia.

"Kaka! Nitakualika harusini!"

Merle hakuinua mkono. Aliteremka, akaibandua picha juu ya kitanda chake, akaenda nayo moja kwa moja hadi kwenye chumba cha picha. Akasukuma mlango bila kubisha, akaitupa mezani mbele ya Elroy.

"Ichukue. Sitaki kumwona tena."

Elroy alishtuka, akasimama kati yake na ukuta.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Sikiliza, Merle, usinipige kwanza. Wale watoto wa manowari, wengine hawana mtu kabisa. Wenzao wakipata barua, wao wanageukia ukutani. Nikawa nawapa nakala ya picha yako, jina wanachagua wenyewe. Hakuna aliyemvunjia heshima, naapa. Na wewe mayai unayokula kila Jumapili, ulidhani yanatoka wapi? Ndiyo malipo yao."

Nyuma yake, kwenye kamba ya kukaushia picha, kina Loretta walikuwa wakichuruzika maji, kila mmoja na mstari mweupe begani.

Huko mbali, kwenye pengo la miamba, Wickersham ilipiga honi.