Joho la Sultani na Mnana

Zamani za masultani wa Bara Hindi, Sultani Simbamarara aliwafungia mafundi wake katika karakana ya jumba lake, wasije wakamfumia mwingine. Siku ya baraza akamwita Mnana, ndege mfumaji.

"Umenifurahisha, fundi. Nakutunuku joho hili nililovaa. Inama ushukuru!"

"Joho hilo nimelifuma mimi, Bwana. Nitunuku kitu ulichokitengeneza mwenyewe."

Simbamarara akatazama makucha yake.

"Basi nachukua changu," akasema Mnana. Akauma ncha ya uzi aliyoijua yeye peke yake, akaruka nayo dirishani. Joho likafumuka mabegani mwa Sultani, likamfuata fundi wake mpaka uzi wa mwisho.

Mbele ya baraza zima Sultani akabaki na milia yake tu, na hata hiyo hakujifumia.