Msumari wa Hamdam

Mikate kumi na moja ya duara ilining'inia ukutani, kila mmoja umeumwa mara moja tu.

Darasa la saba lilikuwa limevuka mlima wa Kamchik kwa basi tangu alfajiri, lije Tashkenti kuona kampuni ya kuhamisha vyombo inavyofanya kazi. Walikuwa wameshaona vikombe vikifungwa kwa magazeti na makabati yakiandikwa namba kwa chaki. Barno hakukumbuka hata kimoja. Tangu aingie getini alikuwa akiutafuta ukuta huu.

"Hii ni ya madereva wetu," alisema msimamizi, mtu mnene mcheshi. "Kama kwenu tu. Anayesafiri anauma kipande, mkate tunautundika. Akirudi, anaumalizia."

"Na asiporudi?" aliuliza Ulmas, mtundu wa darasa.

"Tunawapa ndege."

"Ndiyo maana njiwa wa hapa wamenenepa kama wewe, mjomba!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Zebo akamkata Ulmas jicho.

Barno hakucheka. Baba yake aliondoka na lori la kampuni hii miaka miwili iliyopita, kupeleka vyombo vya familia moja Urusi. Simu yake haikupatikana tena. Kila mama alipopiga hapa kuuliza, msimamizi alijibu, "Bado yuko njiani, shemeji," akakata. Bibi mzaa baba alikwisha kujifunga kitambaa cheupe cha msiba, akidai khitma isomwe. Mama alikataa. Asubuhi hiyo alimvisha Barno shali yake mwenyewe.

"Mimi huko sijawahi kukanyaga, mwanangu. Niangalizie. Mkate ukiwa bado upo, babako yu hai."

Chini ya kila mkate palikuwa na jina kwa chaki. Barno aliyasoma yote, kisha akarudia kuanzia mwanzo. Mwishoni, karibu na dirisha, ulikuwapo msumari mtupu. Jina lililokuwa chini yake lilikuwa limefutwa kwa kiganja, harakaharaka. Herufi tatu za mwanzo zilisalia: Ham.

Mwalimu Zebo alimsogelea msimamizi, akapunguza sauti. "Huyu ni binti wa dereva wenu, Hamdam. Nyumbani wanateseka. Hamna habari yoyote?"

Ucheshi ukamtoka yule mtu. Aliwatazama vijana wa kazi waliokuwa wakifunga kamba. Wote wakainamia kamba zao.

"Yuko njiani," alisema. "Haya, watoto, twendeni mkaone malori. Upesi, upesi."

Darasa likamfuata. Ulmas alibaki nyuma kidogo. Aliutazama msumari, akamtazama Barno, kisha akatoa kofia yake mfukoni akaivaa taratibu, kama wanaume wavaavyo wanapoingia nyumba yenye msiba. Akawafuata wenzake.

Barno alibaki hapo chini ya msumari. Hakulia. Alikuwa akifikiria jinsi atakavyoingia nyumbani, na mama atakavyomtazama usoni kabla hajafungua mdomo. Tena mama angeuliza siku. Bila siku, mtu atahesabuje arobaini, atahesabuje mwaka?

Kutoka mlango wa pembeni ilikuja harufu ya mkate. Ajuza mmoja alikuwa ameinama juu ya tanuri, mikono imejaa unga hadi viwiko.

"Umepotezana na wenzio, mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi." Barno hakusema yeye ni nani. Alihofia kwamba huyu naye angeinamisha kichwa kama wale wengine. "Nilitaka kuuliza tu. Ule msumari wa dirishani. Mkate wa Hamdam mliwapa ndege siku gani?"

Ajuza alinyanyuka, mkono kiunoni, akakunja uso akikumbuka. Halafu akacheka mpaka unga ukapeperuka.

"Ndege! Yule hakuwaachia ndege hata chembe! Aliula mwenyewe, hapo hapo ukutani, wiki ya sikukuu ya Nauruzi. Ulikuwa mgumu kama tofali. Mkewe ndiye aliyekuwa akimchovyea kwenye chai na kumlisha, maana yeye alikuwa amempakata mtoto wao mchanga."