Skrini Mpya ya Ngure

Mutisya alipiga hodi huku amekumbatia boksi la skrini mpya, macho yake yakiwa chini kama ya mtu aliyefumaniwa.

Alikuwa ametoka Mutomo asubuhi kuja kuomba msamaha. Yeye na Ngure wa Kathonzweni hawakuwa wameonana hata mara moja. Walijuana mtandaoni, kwenye kazi ya kujitolea: mfumo wa kompyuta wa bure, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua ndani na kuurekebisha. Mutisya ndiye aliyesimamia debugger ya kernel, chombo kinachoonyesha kiini cha mfumo kimekwama wapi. Watu walituma marekebisho, yeye akakubali au akakataa.

Ngure alituma yake. Alitaka mstari wenye hitilafu uandikwe neno KOSA, usipakwe rangi nyekundu tu. Alitaka pia majedwali yavunjwe, kila kitu kikae kwenye mstari wake.

Mutisya alimjibu mbele ya kundi zima: "Nyekundu hata mbuzi anaiona. Ndugu, tafuta skrini ya maana."

Watu wakacheka. Ngure akaandika tu: "Sawa. Pole kwa usumbufu."

Kisha mashine ya Mutisya mwenyewe ikagoma. Ikabidi aisome kupitia waya, kwenye kompyuta nyingine, na huko rangi hazikufika. Alikodolea macho herufi zilizochanganyikana mpaka kichwa kikamuuma. Mwishowe, shingo upande, akaweka marekebisho ya Ngure. Neno KOSA likatokea, na kando yake mstari aliokuwa akiusaka tangu mvua ya Novemba.

Aliyapokea marekebisho yale siku hiyo hiyo. Lakini maneno yake yalibaki pale pale, yakisomwa na dunia nzima. Kila alipoyakumbuka, hata kanisani katikati ya maombi, uso ulimwaka. Ndipo akanunua skrini.

Aliyefungua mlango alikuwa Wamaitha, mke wa Ngure.

"Mgeni wa Mutomo! Karibu, karibu. Baba Kim yuko kwa kuku, anakuja saa hii. Weka mzigo chini. Ni nini hiyo?"

"Ni skrini, mama. Nilimtusi mzee juu ya ile yake. Nimemletea nzuri, inaonyesha rangi zote."

Tabasamu la Wamaitha likapungua. "Ni yeye alikuambia anataka?"

"Hapana. Nilifikiria tu mwenyewe."

"Haya," akasema taratibu. "Wacha nimuite."

Mutisya akabaki peke yake sebuleni. Juu ya meza kulikuwa na kibodi, spika ndogo na kikombe cha chai. Skrini haikuwepo kabisa, hata mbovu. Aibu ikamchoma upya: kumbe alimcheka maskini ambaye hata hiyo skrini hana! Akasimama kando ya boksi lake.

Ngure akaingia, amevaa shati safi, uso umejaa furaha.

"Bwana Mutisya! Umefika salama? Karibu sana kwetu."

Kisha akanyoosha mkono wa salamu kuelekea kiti cha dirishani, kiti ambacho hakikuwa na mtu.