Tepu ya Koleo

Fyuzi ya nne iliungua, pap! Shoto alikuwa hata hajatoa kichwa chini ya dashibodi.

Alikuwa amelala chali ndani ya pikapu ile kuukuu, miguu nje, shingo imekakamaa, taa ya kupimia umeme iko mkono wa kushoto, ule ule uliompa jina. Tangu asubuhi kazi ilikuwa hiyo hiyo: weka fyuzi, washa taa, tikisa waya, fyuzi chali. Kila fundi aliyewahi kuligusa gari lile alikuwa ameacha waya wake humo. Shoto alichoka hadi kucha.

"Bado tu?" akauliza dada yake, mwenye gereji.

"Bado, dada. Shoti haiitwi ikaja."

Dada alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, mkoba mapajani, nguo ni zile zile alizolala nazo hospitali. Juzi alfajiri, giza bado, taa za pikapu zilizimika ghafla kwenye kona ya mteremko na mumewe akaingia nayo mtaroni. Nyonga ilivunjika. Daktari amesema huenda asitembee tena bila mkongojo.

"Mafundi humu mko wawili tu," dada akasema. "Aliyeharibu waya huo, leo hii anafunga boksi lake la vifaa na hapa hakanyagi tena. Awe nani, awe nani. Kikulacho ki nguoni mwako."

Hakumtaja mtu, ila macho yake yalikuwa kwa Koleo. Koleo ndiye aliyefungua dashibodi ile miezi miwili iliyopita akitengeneza waipa, na gereji nzima ilijua. Mzee wa watu alikuwa ameketi juu ya tairi, mikono imelegea mapajani. Miaka ishirini na mitatu yeye na Shoto wamefanya kazi kwenye meza moja, na hata siku moja hawajanuniana.

"Labda ni mimi kweli, ndugu yangu," Koleo akasema kwa sauti ya chini. "Macho haya siku hizi hayaoni hata tundu la skrubu. Lakini mimi waya huulehemu kwanza. Sijui. Nadhani niliulehemu."

"Nyamaza bwana! Usijitie kitanzi mwenyewe."

Shoto alimhurumia kwa dhati. Kwa umri ule Koleo angekwenda wapi? Nani angemwajiri fundi anayepapasa skrubu kwa vidole?

"Na wewe usije ukamficha rafiki yako," dada akasema. "Ukiuona waya utajuaje ni wake?"

"Kwa tepu, dada. Kila fundi na mkono wake. Koleo tepu huizungusha kwenda kulia, na akimaliza anakunja ncha yake kidogo, ili atakayekuja kufungua asihangaike kuitafuta kwa kucha. Sijaona fundi mwingine mwenye adabu hiyo."

Koleo alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka yuko wapi, akainama tena.

Shoto akaweka fyuzi ya tano. Safari hii aliingiza mkono mbali zaidi, kule waya zinakopenya kwenda kwenye injini. Akagusa fundo la waya. Cheche ikaruka, fyuzi ikaungua.

"Nimeipata," akasema.

Dada akasimama. Koleo akafumba macho.

Shoto akawasha tochi, akaishika kwa meno, akalivuta fundo karibu. Hakukuwa na lehemu hata chembe. Waya mbili zilikuwa zimesokotwa tu, tepu imelegea kwa joto, na shaba ilikuwa ikigusa bodi la gari. Kazi ya dakika tano, ya fundi anayepigiwa honi nje. Na honi yenyewe akaikumbuka: shemeji huyo huyo, asubuhi moja kabla ya masika, akipiga kelele kwamba anachelewa.

Tepu ilizungushwa kwenda kushoto. Ncha haikukunjwa.

"Ni mkono wa nani?" dada akauliza.

"Subiri, dada. Nimulike vizuri."

Alilala pale pale, mate yakimtoka kwa ile tochi mdomoni. Nje, Koleo alikuwa ameshaanza kukusanya bisibisi zake moja moja bila kuambiwa, akizipangusa kwa tambara.

Shoto akaibandua tepu taratibu isikatike. Akaihamishia mkono wa kulia na, kwa tabu, kama mtoto anayejifunza kushika kijiko, akaizungusha upya. Mwisho akakunja ncha, kidogo tu.

"Dada," akaita, "njoo uone."