Zamu ya Siwatu

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, bubu kabisa: wasichana wawili wanatwanga mpunga kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana. Raya, aliyepewa kazi ya kuitilia sauti, alimtafuta mmoja wao, Bi Mgeni, akamkuta bado ana kinu kilekile. Akatega maikrofoni uani, akamwekea filamu hiyo kwenye kompyuta.

Bi Mgeni akatwanga, akasubiri. Akatwanga, akasubiri.

"Bibi, mbona unaacha nafasi? Twanga mfululizo tu."

"Nitwange mfululizo nigongane na mwenzangu?" Bi Mgeni alikuja juu. "Hapo ni zamu ya Siwatu. Wifi yangu huyo hajawahi kuchelewesha mchi."

Siwatu alikuwa kaburini mwaka wa kumi na sita sasa.

Raya alijua la kufanya: angenakili pigo la Bi Mgeni, azibe kila pengo, na hakuna ambaye angegundua. Lakini alimwona bibi, mchi ukiwa juu, ameinamisha sikio kidogo kuelekea kinuni, anatabasamu.

Raya akaongeza sauti ya hedifoni hadi mwisho, akafumba macho, akasubiri pengo lililofuata.