Fomu ya Kamongo

Njooni niwape habari za Kamongo, samaki ambaye ziwa likikauka hujichimbia topeni akalala hadi mvua irudi. Mwaka ule alilala miezi saba bila kutia kitu mdomoni. Maji yaliporudi alitoka amekonda, na hapo ukingoni akamkuta Korongo, karani wa kodi, akimsubiri na daftari lake.

"Siku ya mwisho imepita na hukuleta fomu ya mapato," alisema Korongo. "Faini yako ni konokono ishirini."

"Mapato gani, mzee? Nililala njaa kiangazi kizima."

"Hivyo hivyo ungeandika. Hata asiyepata kitu hujaza fomu."

Kamongo alihisi tumbo limeshikana na mgongo. Konokono ishirini ndio chakula chake chote cha msimu ule. Lakini hakuwa mbishi. Aliuliza jambo moja tu, tena kwa adabu, maana kweli hakutaka kukosea mwakani.

"Ningeamka, mzee, fomu ningeileta wapi?"

"Hapa hapa ofisini, kwangu, kila..." Korongo akaangalia miguu yake mirefu. "Kwa kweli, mimi nilihama. Ziwa lilipoanza kupungua nilifuata maji huko ng'ambo ya milima. Nimerudi jana."

Kamongo alimtazama kwa huruma.

"Pole sana, mzee. Na wewe wamekutoza konokono wangapi?"

Korongo akalifunga daftari bila kuandika kitu.